Foleni ya Ndoo

Habari ya kifo cha Masanja ilinikuta Mwanza, kwenye benchi la hospitali, macho yangu yamejaa dawa na nimekatazwa kutazama simu. Aliyenisomea ujumbe ni binti wa watu aliyekaa jirani yangu, na aliusoma kwa sauti ya mtu anayetangaza mnada: "Mwalimu, Baba Kabula amepumzika. Tunazika kesho." Kwa hiyo sikumzika, na kwa Wasukuma kutomzika mtu wako si jambo dogo. Macho yalipotulia nilirudi nyumbani Bariadi, nikapanda bodaboda hadi Migato, na kutoka Migato nikaingia ndani zaidi, hadi kile kijiji ambacho sitakitaja jina kwa sababu wahusika wengi bado wapo na ubishi wao haujaisha. Nilimkuta mjane wake, Mayu Kabula, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele na mgongo ameuegemeza ukutani. "Mwadila, mayu," nilimsalimu kwa lugha yao; mayu ni mama. Akaitikia, akanishika mkono, na kwa muda mrefu hakuuachia. Wanawake waliokuwa naye walisogea kunipa nafasi, na kabla sijavua mtandio vizuri sahani ya michembe ilikuwa mbele yangu, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vimepikwa na karanga. Nilitia kipande kimoja mdomoni nikalia. Sikulia kwa ajili ya marehemu peke yake. Nililia pia kwa ajili ya mwaka niliokaa katika nyumba ile nikiwa msichana, na ambao hadi leo naupenda kuliko miaka yote iliyoufuata.

Nyumba sasa ina bati na sakafu ya saruji, na ukutani kuna picha ya Masanja ndani ya suti ambayo sijui aliiazima kwa nani, maana akiwa hai sikumwona na suti hata siku moja. Nikifumba macho lakini naiona nyumba ile ya kwanza, ya udongo na nyasi. Niliingia humo nikitokea Lushoto, nina cheti kipya cha ualimu, sanduku la bati, na majivuno ya mtu anayedhani Kiswahili ni mali ya kwao. Simiyu haikuwa mkoa bado. Tulikuwa tunahesabiwa Shinyanga, na Bariadi yenyewe ilikuwa mji wa vumbi na malori ya pamba. Shule haikuwa na nyumba za walimu, ndipo Masanja akajitolea kunipa chumba. Nusu ya chumba hicho ilikuwa pamba, imerundikwa karibu kufika paani ikisubiri kwenda kupimwa, na nusu ndiyo yangu. Nililala nikinusa pamba, nikaamka na nyuzi zake kwenye nywele, na watoto darasani wakanipa jina ambalo tafsiri yake ni Bibi Mvi. Kuta za vyumba hazikufika juu. Kila kilichosemwa ndani ya nyumba ile kilikuwa changu pia, nitake nisitake, na ukweli ni kwamba nilitaka.

Chakula cha jioni kililiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Wanaume walikuwa nje, kwenye shikome, pale uani penye moto wa kinyesi cha ng'ombe ambapo mwanamume hukaa akajiona mwanamume. Sisi tulikuwa jikoni na sufuria yetu: ugali wa mtama, nsansa za majani ya kunde yaliyokaushwa, na maziwa mgando ambayo mwanzoni niliyameza kwa kufunga pua. Mayu Kabula alicheka kimya kimya kila nilipofanya hivyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na maneno yake machache yalikuwa na tabia ya kuchoma mahali pasipotarajiwa. Mbele ya watu mumewe alimwita "huyu mama", na sikuwahi kumsikia akimuuliza jambo lolote. Alimwambia. Alimwambia ng'ombe wameuzwa, alimwambia wageni wanakuja, alimwambia binti yao mkubwa ameposwa. Naye aliitikia, "Haya," akaendelea kupepeta.

Kwenye moto ule wa wanaume hakukosekana Nkwabi, jirani wa mashariki. Nkwabi na Masanja walikuwa na plau moja na maksai wawili, mmoja wa huyu na mmoja wa yule, nao waliwafunga nira pamoja wakalima kwanza shamba la huyu, halafu la yule. Walikuwa wameanza hivyo tangu vijana. Uchaguzi mkuu ulipokaribia, chama kimoja kikamsimamisha Masanja kugombea udiwani na chama kingine kikamsimamisha Nkwabi. Kijiji kilishikilia pumzi kikisubiri wagombane, lakini wao wakaendelea kula sahani moja, na kila mmoja alimtania mwenzake kwamba atamteua kuwa mchungaji wake wa ndama. Siku moja jikoni jirani mmoja alisema, "Fahali wawili hawakai zizi moja, mtaona." Mayu Kabula hakuinua uso. "Fahali hawakai," alisema. "Hao wetu ni maksai." Wanawake walicheka hadi mmoja akamwaga uji, na nje wanaume wakauliza kuna nini, na hakuna aliyewajibu.

Mimi nilichaguliwa kuwa karani wa kuongoza wapiga kura foleni. Tulifanyiwa semina Bariadi, tukapewa soda na maandazi, na nikarudi kijijini nikiwa nimevimba kichwa. Nilikwenda hadi kwenye bomba la kijiji, ambako wanawake walikuwa wengi, nikawafundisha yote: kadi, sanduku, wino wa kidole, na hasa kwamba kura ni siri. Mumeo hawezi kuijua, niliwaambia, wala mkweo, wala mwenyekiti. Walinitazama kwa adabu. Katika kijiji kile mwenye boma akisema anakwenda upande gani, boma zima lilihesabiwa limekwenda huko. Mayu Kabula alikuwa amekaa juu ya ndoo yake. "Hata mume akiwa ndiye mgombea?" aliuliza. Nikasema hata akiwa ndiye mgombea. "Wabeja," alisema, yaani ahsante, na tangu siku hiyo watu walipomuuliza kwa utani kama mzee ana kura ya uhakika nyumbani kwake, alijibu, "Mwalimu amesema ni siri." Masanja alicheka na wengine. Hakuona sababu ya kutocheka.

Lazima nieleze jambo la bomba, maana bila hilo mtu wa mjini atadhani nasimulia hekaya. Oktoba kule ni kiangazi kikali, maji hutoka kwa kudondoka, na hakuna mwenye nafasi ya kusimama kutwa nzima. Kwa hiyo mwanamke huja alfajiri, huweka ndoo yake nyuma ya ndoo ya mwisho, hutia jiwe ndani upepo usiichukue, halafu huenda shambani, sokoni, kwa mgonjwa, popote. Ndoo inabaki. Zamu ikifika, waliopo huisogeza, na mwenyewe akija hata mchana hukuta nafasi yake inamsubiri. Kila ndoo inajulikana: hii ina kitambaa chekundu kwenye mkono, ile imebonyea ubavu, ile kifuniko chake ni cha sufuria. Kuruka ndoo ya mtu ilikuwa sawa na kumsukuma mwenyewe akaanguka, na sijawahi kuona mtu akithubutu.

Jioni ya kuamkia uchaguzi alifariki bibi mmoja, Bibi Ngolo, mtu wa nzengo yetu. Nzengo ni majirani wa upande mmoja wa kijiji waliofungamana kwa shida na raha, na sheria yao ya kwanza ni kuzikana. Mtu akifa hakuna anayeshika jembe wala kwenda mnadani hadi azikwe, na anayekwenda hutozwa mbuzi na kusemwa vibaya hadi wajukuu zake. Asubuhi na mapema nilipofika shuleni na kibao changu cha kazi kifuani, foleni ilikuwa tayari. Ilianza mlangoni pa darasa la nne na kwenda hadi nyuma ya vyoo, na haikuwa na mtu hata mmoja. Zilikuwa ndoo. Katikati ya ndoo kulikuwa na katambuga, vile viatu vya tairi, jozi kwa jozi, maana wanaume ambao bombani hawaendi walikuwa wamejifunza adabu ya wake zao kwa siku hiyo. Mmoja alikuwa ameweka kofia juu ya jiwe. Msimamizi wa kituo alikuwa Bwana Mndeme, bwana shamba wetu, mtu wa Songea, msafi, mpole, na mfuasi wa maandishi kuliko hata maandishi yenyewe. Alisimama akaitazama foleni, akacheka. "Angalau huu ni mstari ulionyooka," alisema. Wanawake wawili waliokuwa wakipanga ndoo za mwisho walimsikia, wakakimbia kuwaambia wenzao msibani kwamba msimamizi amekubali.

Watu wa vitongoji vingine walikuja wakapiga kura. Walipita pembeni ya ndoo bila kuzigusa, na wengine waliniuliza kwa wasiwasi kama wenye ndoo hawatakasirika. Kule msibani maziko yalipangwa mchana, lakini mtoto wa kwanza wa marehemu alikuwa na duka Kiloleli, na basi alilopanda likaharibika njiani. Bila yeye hakuna kuzika. Baadaye nilisimuliwa kwamba Masanja na Nkwabi walichimba kaburi pamoja, wako ndani ya shimo hadi mabegani, wakipokezana sururu, huku mawakala wao wamekaa darasani kwangu wakichungana. Hakuna hata mmoja kati ya wagombea wale aliyekuwa amepiga kura. Katambuga zao zilikuwa kwenye foleni, zimefuatana.

Saa kumi ilipofika, Bwana Mndeme alitoka na saa yake mkononi, akamwagiza askari afanye kama kanuni inavyosema: asimame nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni, na yeyote atakayekuja nyuma yake asipige kura. Askari, kijana mtiifu, alitembea na foleni hadi mwisho wake, akasimama nyuma ya ndoo. Nilimwona kwa macho yangu. Alikaza mgongo, kirungu na kila kitu, akailinda ile ndoo kama ambavyo angemlinda mtu. Hatujakaa sana, wakatokea. Waliteremka kutoka kwenye makaburi wakikimbia, udongo ungali mikononi, wanawake wamepandisha kanga magotini, wazee wanasukumwa mgongoni, na kila mmoja akaenda moja kwa moja akasimama kwenye kitu chake. Kufumba na kufumbua foleni ya ndoo ikawa foleni ya watu. Bwana Mndeme aliwatazama kwa huzuni ya kweli. "Muda umekwisha," alisema.

"Tulikuwepo," alisema Masanja, akihema, katambuga moja mguuni na nyingine mkononi. "Tangu asubuhi tuko kwenye mstari."

"Ndoo haipigi kura, mzee wangu."

"Sasa huyo askari wako amesimama nyuma ya nani?"

Askari mwenyewe aliitazama ndoo, akamtazama Mndeme, na hakubanduka. Nkwabi naye alisema msimamizi alizikubali asubuhi, watu wamesikia. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kuwasikia wale wawili wakisema kitu kimoja. Bwana Mndeme alijibu kwamba alisifia unyoofu wa mstari, hakuidhinisha mstari. Akaingia ndani akafunga mlango, na nje nikasikia minong'ono mingi na mtoto mmoja anayelia njaa. Leo nikimfikiria simchukii. Alikuwa na karatasi iliyosema mtu, na mbele yake kulikuwa na ndoo. Lakini wale watu nao walikuwa wamefanya jambo la uaminifu kuliko yote waliyoyajua, na hakuna kanuni iliyokuwa imewafikiria.

Matokeo yalipobandikwa, Nkwabi alikuwa ameshinda. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko ndoo zilizokuwa kwenye foleni. Kama angeshinda kwa wingi mambo yangeishia hapo. Kama nzengo yetu yote ingekuwa upande wa mgombea mmoja, pia. Sasa wafuasi wa Masanja wakaanza kuzihesabu ndoo kwa majina ya wenyewe. Ile ya kitambaa chekundu ni ya kwetu. Ile ya kifuniko cha sufuria ni ya kwetu, mumewe alitukana chama chao hadharani. Wafuasi wa Nkwabi walijibu kwamba hata ndoo zote zingeingia darasani zikapiga kura, nyingi zingempa mtu wao, na waliongeza ule msemo wa washindi wote, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kura zilikuwa siri, lakini ndoo hazikuwa siri hata kidogo. Nilitembea kijijini nikisikia wanawake niliowafundisha wakigawanywa huku na huku na watu ambao hawakuwahi kuwauliza.

Masanja alikwenda Bariadi, akarudi na ushauri wa mtu mmoja aliyezoea kukaa karibu na mahakama. Apeleke shauri, aliambiwa, ila kwanza ajue kama ndoo zile zingemvusha. Akiwa na watu wa kutosha walio tayari kusema wangemchagua, ana kesi. Alimchukua maksai wake kutoka zizi la Nkwabi siku hiyo hiyo. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa, watu wanatengeneza majembe, na pale kwetu mnyama mmoja amefungwa kwenye mti mashariki, mwingine amefungwa kwenye mti magharibi, wanaitana kutwa. Maksai mmoja havuti plau. Nilimuuliza Mayu Kabula tutakula nini mwakani, akasema, "Tutakula udiwani."

Jioni moja, kabla chakula hakijaiva, nilikuwa chumbani nikisahihisha madaftari nikamsikia Masanja akiingia jikoni, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kuingia. Alizungumza kwa sauti ya chini ambayo sikuijua. Alisema nzengo itakaa Jumamosi, kila mtu alete kile alichoweka foleni, na pale uani patachorwa pande mbili, wake na wa Nkwabi. Nkwabi amekubali kwa sababu ana kiburi. "Wewe utaitwa wa kwanza katika wanawake," alisema. "Ukiweka yako, wengine watafuata." Nikasikia mwiko ukizunguka sufuriani. "Umenisikia, mama Kabula?" Akajibu, "Sogea kidogo, moshi unakuja kwako." Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi. Nilimpenda Masanja, alikuwa amenipokea kama binti yake, na nilitaka ashinde. Lakini nilijua pia ni mimi niliyewaambia wanawake wale kwamba hakuna atakayewauliza.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mwenyekiti wa nzengo, Mzee Gamaya, aliburuza fimbo akachora mstari mavumbini, huku Masanja, huku Nkwabi. Wanaume walitangulia. Waliweka katambuga zao kwa kishindo, wakijitangaza, na watu wakashangilia au wakaguna, na zilikuwa karibu sawa pande zote. Masanja alisimama na mikono nyuma. Kope zake zilikuwa zinacheza, nami niliona jinsi alivyolitaka jambo lile, na nikamhurumia. Kisha Mzee Gamaya akasema, "Sasa kina mama. Tuanze na mwenye mji." Nikawatazama wanawake wamekaa upande wao, kila mmoja na ndoo miguuni, wote wametazama chini. Waume zao walikuwa wamesimama ng'ambo wakiwatazama wao.

Mayu Kabula aliinuka. Alikunja kanga yake ya begani akaizungusha, akaiweka kichwani kama ngata, akainua ndoo akaitua juu yake. Alipita mbele ya upande wa mumewe. Alipita mbele ya upande wa Nkwabi. Akaendelea kutembea.

"Mayu, unakwenda wapi?" aliuliza Mzee Gamaya.

"Nyumbani hakuna maji," alisema, bila kugeuka kwa sababu ya ndoo.

Halafu mwanamke mmoja, mdogo kuliko wote, mke wa mtu mwenye mdomo mkali sana, akainuka akakunja kanga yake. Kisha wawili kwa pamoja. Kisha wote, na njia ya bombani ikajaa ndoo zinazokwenda, nyekundu, za bluu, na ile iliyobonyea ubavu. Pale uwanjani zilibaki katambuga na wanaume peku wakitazamana. Nkwabi alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Masanja aliokota viatu vyake akaingia ndani.

Hakupeleka shauri. Wenzake walimshauri, wakamlaumu, lakini alikuwa na jibu moja: mtu ambaye mkewe mwenyewe hajasema angemchagua atamwambia nini hakimu? Mvua ya kwanza iliponyesha, asubuhi yake nilimwona akimswaga maksai wake kuelekea mashariki, kichwa ameinamisha, na baada ya muda nikasikia sauti ya Nkwabi ikiita wanyama wote wawili kwa majina. Jioni walikula sahani moja, bila utani. Utani ulirudi polepole, pamoja na mahindi. Nkwabi alikaa kwenye udiwani muhula mmoja, akachoka na vikao, na Masanja hakugombea tena kitu chochote.

Lakini kuna jambo nililiona katika miezi iliyobaki kabla sijahamishwa, na wakati ule nililichukulia kuwa kichekesho tu. Masanja alianza kuonekana bombani. Alisema anachota maji ya ndama, wanawake wakamwacha na uongo wake. Akienda Busega hakurudi tena mikono mitupu, alileta sangara mkavu amefungwa kwenye gazeti, akamwekea mkewe mkononi yeye mwenyewe. Na kupitia ule ukuta mfupi nilianza kusikia sentensi ambayo sikuwahi kuisikia humo ndani. "Mama Kabula, unaonaje?" Unaonaje, tuuze pamba sasa au tungoje? Unaonaje, binti asubiri amalize shule kwanza? Mayu Kabula hakujibu haraka. Alipepeta kwanza.

Nimekaa Simiyu maisha yangu yote tangu hapo. Niliolewa Bariadi, nimestaafu Bariadi, nimeona maofisi ya mkoa yakiota na mabasi makubwa yakipigiana honi asubuhi. Kila mwaka wa uchaguzi vijana hukaa nje ya duka la dawa jirani na kwangu, wanasomeana matokeo kwenye simu na kubishana nani kaibiwa, na huwa nataka kuwasimulia, halafu naacha. Watacheka tu ndoo. Ningewezaje kuwaeleza kwamba ule ulikuwa uchaguzi wenye kasoro kuliko zote nilizosimamia, na bado ndio ninaoutamani?

Siku ile ya kutoa pole wanawake walitoka kwenda kuandaa chakula cha jioni, tukabaki wawili. Mayu Kabula alikuwa bado ameshika mkono wangu.

"Mwalimu," alisema, "hujawahi kuniuliza."

"Kukuuliza nini, mayu?"

"Ningeiweka upande gani."

Nilimwambia nisingethubutu, mimi ndiye niliyemfundisha. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akionyesha meno machache yaliyobaki.

"Kwake. Kwa Masanja. Ningempa nani mwingine? Alikuwa anafaa kuliko Nkwabi, kila mtu alijua. Lakini kulikuwa na mwenzangu pale. Simtaji, hata leo. Yake ilikuwa ya Nkwabi, na mumewe amesimama ng'ambo na fimbo. Mimi ningeweka, na yeye angeitwa nyuma yangu."

"Si ungemwambia mzee baadaye? Ndani, mkiwa wawili?"

"Mwanzo niliogopa. Angejua, angekwenda mahakamani, na wale wangeitwa mmoja mmoja." Alitazama ile picha ya suti. "Halafu nikaona, huyu mwanamume hajaniuliza neno tangu anioe, sasa ananiuliza kila siku. Anachota maji. Nikasema, acha aendelee kuomba kura."

Nilicheka, na yeye akacheka, kisha uso wake ukabadilika.

"Juma lile la mwisho aliniita, amelala hapo hapo ulipokaa. Akasema, mama Kabula, nataka kukuuliza. Nikajua ni hilo. Miaka yote hiyo, nikajua ni hilo, na nikasema moyoni leo nampa. Nilishafungua mdomo, mwanangu." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Akaniuliza kama nimekula."